Mtafiti na Watoto wa Dada Yangu

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akijipaka tope kwa makusudi, asubuhi kweupe, jua linawaka, basi hukukaa Chapwa, hapa mpakani, wakati wa Mtafiti. Mimi nimemwona. Nilikuwa nawasha mkaa kwenye banda langu la nyama, yeye akasimamisha gari pale bombani, akatoa mabuti yake ya mpira, mapya, yanang'aa kama kiti cha bosi. Akayamwagia maji. Akachota udongo na kopo akayapaka taratibu, mguu wa kwanza, halafu wa pili, anarudi nyuma anayaangalia kama fundi rangi. Nikamuuliza, Mtafiti, shamba leo? Akasema hapana, nakwenda kupokea wageni.

Sisi tulimwita Mtafiti tu. Jina alikuwa nalo, na udaktari wa vitabu mbele yake, refu kama foleni ya malori ya kwenda Zambia, lakini nani ana muda. Alipanga nyumba ya kona hapa Chapwa, ile yenye geti la bluu, na jioni alikuwa anakuja kwangu kula mbuzi. Alikuwa anachagua nyama kama anachagua mchumba: anaigeuza, anainusa, anaiuliza umri. Halafu anakula yote na mfupa wake, mpaka mbwa wa Chapwa waliandamana.

Kazi yake nitaieleza nilivyoielewa mimi, ambaye shule niliiona kupitia dirishani. Kulikuwa na Mpango. Hela zake zinatoka nje, ofisi kubwa iko Dar, na huku Songwe mkubwa wake ni yeye. Mpango unasema hivi: watafiti wa nchi hii wanatoka nyumba zilezile, babu msomi, baba msomi, mtoto msomi, mpaka paka wa nyumba hiyo anavaa miwani. Huku kwetu, Mbozi, milima ya Ileje, hapa mpakani, watu wanakuja kutupima udongo, kutupima damu, kutuhesabu kuku, wanaondoka. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa kwenye nyumba anayoihesabu. Kwa hiyo kila mwaka inawekwa nafasi pembeni kwa kijana aliyemaliza chuo lakini ametoka nyumba ya namna hiyo, binti akipatikana afadhali zaidi, akasomee utafiti mpaka abobee.

Mimi nilisema jambo zuri hilo. Wapo wenzangu sokoni walisema ni upendeleo, hao watoto wanabebwa. Nikawaambia, na hao wengine waliobebwa tangu tumboni mwa mama zao, mlishasikia nani akilalamika?

Na nilikuwa na sababu. Dada yangu, mkubwa wangu, aliolewa na Mndali wa Ileje wakaja kulima kahawa kwenye kijiji cha Ruanda, Mbozi. Mume akafariki, akamwachia mikahawa, nyumba ya nyasi, na binti mmoja, Tusekile. Huyo Tusekile alisoma mpaka chuo kikuu, digrii ya kilimo, kwa mkopo wa serikali na kwa maharage ya mama yake. Ukoo wetu wote ukijumlisha madarasa tuliyomaliza hatufiki sekondari. Yeye akamaliza, akarudi nyumbani na cheti, akakiweka kwenye sanduku la mama yake chini ya kitenge. Ukisoma masharti ya ule Mpango, ni kama walikuwa wamekaa jikoni kwa dada yangu wanamwangalia Tusekile huku wanaandika.

Mtafiti alipopata habari zake alifurahi kweli. Alikuja Ruanda mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akala magimbi, akasema neno ambalo tulikuja kulisikia mpaka masikio yakaota sugu. Alisema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Zamu yake inakuja."

Lazima nikwambie kuhusu unyonge wake, maana alikuwa anautunza kama watu wengine wanavyotunza suti. Yeye mwenyewe alizaliwa huko milimani, na alisomeshwa kwa nafasi ya namna hiyohiyo, ya watoto wa pembezoni. Hilo ni kweli, hakuna aliyebisha. Wageni wakija analisema kwa sauti ya kwaya: mimi nilikwenda shule pekupeku. Mwanzoni nilipomsikia, shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Mwaka uliofuata ikawa ng'ambo ya milima. Kabla hajahama Chapwa, mimi nilipiga hesabu nikaona huyu mtoto kila asubuhi alikuwa anatoka Ileje anavuka Malawi anasoma Msumbiji, na mchana anarudi kula.

Lakini wageni wakiondoka, akiwa kwangu na kongoro mbele yake, anageuka. Anasema hawa wa nafasi maalumu wengi hamna kitu kichwani, wanashusha kiwango, mimi niliingia kwa akili zangu. Nikamwambia, Mtafiti, si juzi ulisema na wewe uliingia kwa nafasi hiyo? Akanyonya mfupa, akaniambia, "Mimi nilikuwa tofauti." Nikaona kumbe kuna watu wakishapanda ngazi wanataka waondoke nayo, tena wakuombe uwashikie mwisho wake ili isiwakwaruzie gari.

Sasa sikiliza alivyoitumia nyumba ya dada yangu.

Mpango ulikuwa na utaratibu wa kwenda kuiona nyumba ya kijana kabla hajapewa nafasi. Jambo la busara. Wageni wanakuja, wanaona jiko la moshi, wanaona choo, wanamwona mama, wanarudi wameridhika kwamba hawajadanganywa. Mtafiti akamjia dada yangu, akamweleza kwa upole wote kwamba mwaka ule kuna binti wa rafiki yake wa Dar, anaitwa Glory, mambo yake yanahitaji nyumba. Wageni watakuja, Glory atasimama pale mlangoni, Tusekile atasaidia chai. Mwaka huu tunafungua njia, mwaka kesho njia iko wazi, zamu yake inakuja. Dada yangu siyo mjinga. Alielewa. Lakini mtu ameshika mlango ambao mwanao anatakiwa apite, utamwambia nini? Alinyamaza. Mtafiti akauhesabu ule ukimya kuwa ndiyo.

Basi dada yangu, mjane, mama wa kanisa, akaanza kuzaa. Alizaa watoto watatu kwa miaka mitatu bila kubeba mimba, na wote walizaliwa na ndevu au na kucha za kubandika. Wa kwanza Glory. Wa pili kijana mmoja mwenye mkufu shingoni, alikuwa anaogopa ng'ombe mpaka picha yake na zizi ilibidi apigwe akiwa mbali, utadhani ng'ombe ndiye anayeomba nafasi. Wa tatu mtoto wa nani sijui, hakushuka hata kwenye gari vizuri, alikuwa anatafuta mtandao.

Siku ya Glory nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka nyama. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Anakamatiwa kuku, anafungwa miguu, anakabidhiwa. Na anayemkamata ni binti wa nyumba. Dada yangu, kwa mazoea, akaita, "Binti, wakamatie wageni jogoo." Alisahau kwamba siku hiyo binti ni mwingine. Tusekile alikuwa jikoni ameshaanza kunyanyuka, Mtafiti akamkazia macho, akakaa. Basi Glory akatoka mbio na viatu vyake vyeupe. Nakwambia yule jogoo alimzungusha kile kiwanja kama mwalimu wa mazoezi ya jeshi. Walipita kwenye mikahawa, wakapita kwenye kamba ya nguo, jogoo akaruka juu ya paa, akakaa, akamwangalia. Alipokuja kushikwa alimparua mkono, binti wa watu akalia kilio cha Kidar, kile cha kuita mama aliyeko mbali wakati mama yake wa siku hiyo amesimama palepale.

Unajua wageni walifanya nini? Walipiga makofi. Mzungu mmoja alifuta machozi. Walisema binti huyu ana moyo wa shamba. Wenye digrii tano tano wamesimama pale, wamevuka bahari kuja kutazama ukweli kwa macho yao, na jogoo peke yake ndiye aliyejua kwamba yule siyo mtoto wa nyumba.

Halafu wageni wale hawakujua Kiswahili, kwa hiyo maneno yote yalipita kwa Mtafiti. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Wakamuuliza dada yangu anajisikiaje kuhusu mwanawe. Dada yangu akasema, huyu binti amefika leo asubuhi, hata jina lake sijalishika vizuri. Mtafiti akaligeuza Kizungu kwa muda mrefu, mikono inapaa, sauti inatetemeka, na wale wageni wakamkumbatia dada yangu mmoja mmoja. Mimi Kizungu changu ni cha kuuzia Wazambia nyama, lakini nilisikia "God" ikitajwa mara nyingi sana kwa jawabu fupi namna ile.

Tusekile hakukaa bure, hapana. Glory alipopata nafasi alitakiwa azunguke Ruanda nyumba kwa nyumba awaulize wakulima kuhusu wadudu wa kahawa. Glory Kinyiha, lugha ya wakulima wa huku, hajui, na vumbi linampa mafua. Basi Mtafiti akamwita Tusekile: mwanangu, njoo ujifunze kazi. Na kweli alimfundisha. Hili nalo niliseme, maana kwenye kazi yake halisi yule mtu alikuwa hodari. Nimemwona amechuchumaa na Tusekile chini ya mkahawa anageuza jani, anamweleza mdudu anakula wapi, anazaa wapi, na sura yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, sura ya huyo mtoto wa pekupeku. Ungempenda. Halafu anasimama, anakung'uta magoti, na yote yaliyokusanywa na Tusekile yanaenda Dar yakiwa ya Glory. Glory muda huo yuko kwenye gari, vioo juu, anasikiliza muziki.

Ndiyo shida ya kumdharau yule mtu, alikuwa hakuachi umdharau kwa raha. Mke wangu alipougua, mvua inanyesha tope mpaka magotini, boda wote wamekataa, Mtafiti ndiye aliyetupakia kwenye gari lake akatupeleka hospitali ya Mbozi Mission. Alikaa na sisi mpaka mke wangu akafumbua macho. Alimletea uji mwenyewe, amebeba chupa kwapani. Kanisani alikuwa anaimba besi na machozi yanamtoka, machozi ya kweli, siyo ya maji ya bomba. Alikuwa na huruma na kila mgonjwa na kila mfiwa. Ila mtu mzima wa afya anayetaka tu haki yake, huyo alikuwa hamwoni. Labda mke wangu angekuwa na digrii asingempakia.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni bati. Ile nyumba ya nyasi ilikuwa inavuja; dada yangu alikuwa analala amehamishia kitanda kila kona mpaka kona zikaisha. Mwaka mmoja kahawa ikakubali, akasema sasa naezeka bati. Mtafiti akasikia. Alikuja mbio, hata nyama hakula siku hiyo, nikajua kuna msiba. Akamwambia, "Mama, nakuomba. Ukiweka bati unamharibia Tusekile. Mnyonge lazima aonekane mnyonge." Dada yangu akauliza, mpaka lini? Yeye akamjibu neno lake lile: zamu yake inakuja.

Basi dada yangu akalala kwenye mvua kwa ajili ya mwanawe. Nilimwambia ezeka, akasema nikiezeka halafu mtoto akakosa, nitajiuliza maisha yangu yote. Masika ile yule mama alikohoa mpaka kuku wakawa wanakohoa naye. Na Mtafiti kila akija, wageni wakikamatiwa jogoo wao, na yeye anakamatiwa mtetea wake. Haombi. Anakwenda tu nyuma ya gari, anafungua mlango wa nyuma, anasimama. Miaka yote ile. Ilifika mahali kuku wa dada yangu wakisikia mlio wa lile gari kule barabarani wanaingia chini ya ghala, wanatulia kimya kabisa. Hata mwewe hawakumwogopa namna hiyo.

Halafu akahamishwa, akapandishwa cheo. Tusekile akachoka kungoja, akaenda Vwawa kuuza mbegu na dawa za mimea kwenye duka la mtu, akaolewa, akapata mtoto. Dada yangu siku aliposikia Mtafiti amehama, aliita fundi. Bati la kijani. Linaonekana mpaka mwezini.

Juzi juzi hapa, kahawa ikiwa juani, nilikuwa Ruanda kwa dada, nakata nyama niliyomletea. Tusekile amekuja kusalimia, mtoto mgongoni, anageuza kahawa kwenye vichanja. Kuku wakapotea ghafla chini ya ghala. Nikamwambia dada, mna mgeni.

Alishuka amezeeka, kitambi kimetangulia, lakini mabuti ni yaleyale na tope lilelile la bomba. Hakusalimia. Aliangalia juu.

"Mama," akasema, "hili bati la lini?"

"Karibu, daktari," dada akamjibu.

Akakaa. Alikuwa na haraka. Akaeleza kwamba nyuma yake kuna gari la watu wa Mpango, wanafika sasa hivi, wamekuja kuona matunda: wale vijana wa mwanzo wako wapi, na nyumba zao zimebadilika vipi. Wanataka kumwona Glory nyumbani kwa mama yake. Na Glory yuko Dar, yuko benki, utafiti alishauacha zamani, na amekataa kuja, eti ana kikao. Halafu akamgeukia Tusekile na ile sauti yake ya upole, ile ya chupa ya uji.

"Tusekile mwanangu, utasimama tu hapo mlangoni. Wakikuuliza, wewe ndiye Glory. Hata hili bati litafaa, tutasema umemjengea mama."

Mimi naishi kwa kudanganya watu kwamba mbuzi ni mchanga. Lakini nilijikuta nimeweka kisu chini.

Tusekile alikaza kanga ya mtoto mgongoni. "Yaani nijifanye yule aliyejifanya mimi?"

"Ni dakika chache tu, mwanangu."

"Kwa hiyo ndiyo zamu yenyewe hii?"

Hapo hapo gari la watu wa Mpango likaingia.

Alishuka mama mmoja wa makamo, Mtanzania, kitenge na raba, na vijana wawili. Akamsalimia dada yangu kwa Kiswahili, akashika mkono wake kwa mikono miwili. Mtafiti kwa mazoea akasogea katikati aanze kutafsiri. Yule mama akamwambia asante daktari, tunaelewana. Nakwambia, nimeona ng'ombe wakichinjwa maisha yangu yote, lakini sijaona kiumbe kikijua kimekwisha kama alivyojua yule.

"Na wewe ndiye Glory?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Mimi naitwa Tusekile. Mimi ndiye mtoto wa nyumba hii."

Mtafiti akakohoa, akasema Glory ni jina lake la ubatizo. Hapo dada yangu, ambaye hata kwenye vikao vya ukoo huwa anachangia kwa kutikisa kichwa, akanyanyuka. Hakupaza sauti. Akaonyesha kwa kidevu tu: Glory alisimama pale mlangoni. Yule wa mkufu alisimama kwenye zizi. Yule mwingine alikaa kwenye gari. "Wangu alikuwa jikoni, anawapikia chai. Nimezaa mmoja tu."

Yule mama mgeni akamuuliza Tusekile kama alimaliza chuo. Dada akaingia ndani akafungua sanduku. Cheti kikatoka kinanuka dawa ya nondo. Mama akakisoma, akauliza umri, nikaona uso umemshuka. Akasema wazi kwamba Mpango una kikomo cha umri, na Tusekile amekivuka mwaka jana.

"Najua," Tusekile akasema. "Nilikivuka nikiwa Vwawa dukani, moyoni bado nangoja."

"Lakini ungepewa, bado unataka?"

Mtoto mgongoni alikuwa anatafuna kanga. Tusekile hakufikiri hata kidogo. "Nataka."

Yule mama alisema hatamdanganya, hana uwezo wa kuahidi, ila atalisema hili mbele ya wenzake, na atalisema lote. Vijana wake wakaandika jina, safari hii jina lenyewe. Mpaka leo hatujasikia kitu. Mengine ninayokusimulia unaweza kuyapunguza nusu, hili usilipunguze: hatujasikia kitu, na Tusekile simu yake haiweki mbali hata akiwa anauza dawa.

Walipoaga, dada akaita kama zamani, "Tusekile, wageni wasiondoke hivihivi."

Tusekile hakukimbia. Alichukua punje chache za mahindi, akapiga ulimi, jogoo akatoka chini ya ghala anatembea kama mwenyekiti wa kijiji, akaja mpaka miguuni kwake. Akamwinamia na mtoto wake mgongoni, akamshika kwa mkono mmoja, akamfunga, akamkabidhi yule mama. Mama akapokea kwa kupiga goti kidogo. Gari lao likaondoka.

Akabaki Mtafiti. Na ninaapa hakufanya kwa jeuri, ni mwili tu umezoea: alikwenda nyuma ya gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akasimama, anangoja.

Dada yangu alimwangalia. Akatembea pole pole mpaka kwenye banda la kuku, ambalo halikuwa na kuku hata mmoja, akashusha komeo hivyo hivyo.

"Safari njema, daktari," akamwambia.

Mtafiti alivua mabuti yake akayatupa nyuma ya gari, akaingia bila kuufunga ule mlango. Tulimwona anateremka na barabara ya Ruanda, mlango unapigapiga nyuma, buti moja la tope likadondoka na hakusimama kuliokota. Kuku wakatoka chini ya ghala mmoja mmoja. Mlio wa gari bado ulikuwa unasikika, na hakuna hata mmoja aliyerudi kujificha.